Mama, Shahidi wa Serikali

Jina la mama yangu nililikuta katikati ya majibu ya serikali, baada ya kiapo cha Meja na kabla ya kiapo cha chifu. Kwanza nilijiambia kina Nduta ni wengi. Kisha nikasoma "mfanyabiashara, senta ya Cheptiret", nikatazama chini, na hapo palikuwa na ile sahihi aliyokuwa akiitia kwenye ripoti zangu za shule, yenye mkia unaotoka nje ya mstari na kwenda zake. Ukiondoa Kiingereza ambacho wakili wa serikali alikuwa amemvalisha, alichoapa Mama kilikuwa kifupi. Tangu wanajeshi wapige kambi Cheptiret amelala vizuri, biashara inaendelea, na anaiomba korti isiwaondoe.

Nilikasirika hadi nikacheka. Ombi la kuwaondoa ni mimi niliyeliandika.

Ofisi yetu iko mjini Eldoret, juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe hupanda ngazi hadi kwenye faili zetu. Bosi wangu, wakili Thuo, alikisoma kile kiapo, akavua miwani, akaniuliza kama mama yangu ananipenda. Nikamwambia ananipenda kupita kiasi, tatizo si hilo.

Ilikuwa hivi. Mwaka huo vijana waliandamana karibu nchi nzima, na wale wa Cheptiret wakaifunga barabara kuu ya Nakuru kwa mawe na matairi. Kesho yake mtu akachoma mnara wa simu. Ni nani, hadi leo hajulikani. Waziri akatokea kwenye televisheni akasema usalama wa taifa uko hatarini, na kufikia jioni malori ya jeshi yalikuwa yameingia kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, nyuma tu ya duka la Mama.

Sasa, Katiba yetu haina ugumu wowote hapo. Wanajeshi wanaweza kuja kusaidia wakati wa janga, na Bunge litapewa taarifa. Lakini wakitumwa kutuliza ghasia za raia, Bunge la Taifa lazima likubali, Rais apende asipende. Bunge lilikuwa likizoni, na hakuna aliyejisumbua kuliita. Basi serikali ikatafuta njia rahisi: ghasia ikaziita janga. Mafuriko ni janga, nzige ni janga, na kuanzia siku hiyo hata matairi ya Cheptiret yakawa janga. Wanajeshi wakaweka kizuizi barabarani, wakaanza kukagua watu na kuwashika.

Ndipo wakamchukua Murunga. Murunga alikuwa fundi wa kuchomelea milango ya chuma, na Cheptiret fundi wa milango hakosi kazi. Watu wetu waliotoka Mkoa wa Kati walichomewa nyumba katika zile fujo za baada ya uchaguzi wa elfu mbili na saba. Waliporudi na kujenga upya, kila nyumba waliyoijenga ilipata mlango wa pili nyuma, unaotazama njia ya kutorokea. Hakuna anayeuita hivyo. Unamwambia fundi "na ule mwingine", naye anaelewa. Murunga alitoka Vihiga, hakuchomewa chochote, lakini alitengeneza nusu ya milango ile na hakuwahi kumuuliza mtu ni ya nini. Wanajeshi walipoiona mitungi yake ya gesi wakasema ni vifaa vya kuteketezea minara. Wakampandisha lori mkewe akiwa anatazama.

Wiki zikapita. Kila kituo cha polisi tulichokwenda kilisema hakimjui. Meja naye aliapa kwamba Murunga aliulizwa maswali machache barabarani akaachiliwa, na kwamba kambini mwake hakuna raia hata mmoja. Sisi tukaiomba korti iamuru Murunga aletwe mbele ya jaji, akiwa hai au maiti, na jeshi liondoke mpaka Bunge liseme.

Aliyeleta ombi lenyewe alikuwa Kavetsa, mke wa Murunga, ambaye sisi humwita Mama Rosebella. Ana kibanda cha mboga mbele ya duka la Mama, na kwa miaka yote hiyo wamekuwa wakichungiana mali. Mmoja akienda haja, mwingine anauza pande zote mbili. Mtu wa kwanza kumwambia Kavetsa kwamba ana binti wakili mjini ni Mama mwenyewe. Kwa hiyo nilipokiona kile kiapo sikuelewa kitu.

Jumamosi nikaenda Cheptiret. Nilimkuta Mama jikoni amekunja mikono ya sweta, anakanda unga kwenye karai kubwa, kwa sababu kambi ilikuwa imempa kazi ya kupeleka chai na chapati asubuhi na chakula jioni. Hakuniangalia.

"Mum, umeapa dhidi yangu?"

"Sijaapa dhidi yako. Nimeapa vile mimi nalala."

"Na Mama Rosebella, ako hapo nje bila bwana, yeye analala aje?"

Mikono yake ilisimama kidogo ndani ya unga. "Mama Rosebella namwombea. Na bwana yake atarudi."

"Unajuaje?"

"Si nimekuambia namwombea." Akaendelea kukanda, kisha akanielekeza kwa kidevu juu ya kabati. "Unaona hiyo begi?"

Niliiona. Ni begi la bluu ambalo mimi na ndugu yangu Gichuru tumekua nalo. Ndani yake hukaa hati ya shamba, vyeti vyetu vya shule, kadi za kliniki, blanketi moja na sabuni. Kila uchaguzi ukikaribia lilishuka kutoka juu ya kabati hadi kando ya kitanda, na baadaye hata kukiwa hakuna uchaguzi. Mwaka ule tulitoroka bila hata karatasi moja, na Mama alihangaika miaka mingi kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Sasa begi lilikuwa limelala tupu kabisa.

"Nimetoa vitu," Mama akasema. "Hati nimerudisha kwa droo. Unajua mara ya mwisho nimekaa bila hiyo begi ni lini? Ulikuwa darasa la tatu."

Nilijua. Nilijua pia atakachosema baada ya hapo, kwa maana nimekisikia tangu utotoni. Tulikuwa tumejificha kwenye stoo ya mahindi ya mtu aliyetuhurumia, kina mama na watoto, na huko nje waliokuja kuchoma wakipiga nduru. Kisha lori la jeshi likaja. Mwanajeshi mmoja alinibeba akanitupa juu ya gunia na kumwambia Mama, "Usilie sasa, mama." Hatukulijua jina lake. Mama anamtaja kwenye maombi hadi leo, anamwita yule kijana wa lori.

"Na kabla ya hiyo lori ije?" nikamuuliza. Sauti yangu ilikuwa juu. "Tulikaa kwa hiyo stoo tukingoja, Mum. Walikuwa wapi? Nani alikuwa hajawatuma? Mtu mwenye anaweza kuwatuma bila kuuliza mtu, anaweza pia kukataa kuwatuma bila kuuliza mtu. Siku ingine atakataa."

"Hiyo ndiyo ulifunzwa huko chuo?"

"Ndiyo."

"Walikufunza vizuri. Lakini hao walimu hawakulala kwa ile stoo." Akaupiga unga ngumi. "Na ukishaondoa hawa, fujo irudi, mimi nikimbilie wapi? Kwa jaji? Ana nafasi ya watu wangapi kwa nyumba yake?"

Niliondoka bila kuonja hata chapati moja, na kwetu hiyo ni vita. Nje Kavetsa alikuwa akinyunyizia sukuma wiki maji. Aliniuliza kama kesi inaenda vizuri, nikamwambia inaenda vizuri. Hakuniuliza kuhusu kiapo cha Mama, wala mimi sikumwambia, nikitumaini hatasikia. Niliona haya njia nzima hadi Kapsoya ninakoishi.

Thuo aliomba shahidi huyo aje kuhojiwa ana kwa ana, na jaji akakubali. Mama alikuja kortini amevaa kitambaa chake cha Gildi, kile chama cha akina mama wa kanisani, na viatu vya harusi za watu. Alikaa upande wa serikali, nyuma ya wakili wao Okumu, mtu mcheshi mwenye suti inayombana, aliyekuwa akimletea maji ya chupa kana kwamba ni mama yake. Kavetsa alikaa upande wetu. Kabla jaji hajaingia Mama aligeuka akampungia mkono, na Kavetsa, ambaye kufikia hapo alishasikia habari za kile kiapo, naye akampungia. Jambo hilo liliniuma.

Mama akaapa kwa Biblia. Thuo akainuka. Bosi wangu ni mtu mwema, ila Mungu alimpa koo la kutangazia mnada.

"MAMA NDUTA, NI KWELI AMA SI KWELI KWAMBA..."

"Mheshimiwa," Mama akamkatiza, akimgeukia jaji, "huyu aniongeleshe pole pole ama aketi. Watoto wa umri wake nimewabeba mgongoni."

Watu wakacheka. Jaji, mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo, alijitahidi asicheke. "Mama, ungetaka nani akuulize?"

"Huyo msichana wangu. Si yeye ndiye alileta hii maneno yote?"

Jaji akamtazama Okumu. Okumu akainuka, akatabasamu na kusema serikali haina pingamizi. Nilimwelewa. Alidhani binti hawezi kumbana mamake mbele ya watu, na kusema kweli hata mimi nilidhani hivyo.

Nikasimama. "Shahidi, unaishi Cheptiret?"

"Shahidi ndio nani? Mimi ni mama yako."

"Endelea, wakili," jaji akasema.

Nilichotaka kilikuwa kidogo sana. Nilitaka korti ione kwamba anayewasifu wanajeshi ana biashara nao, basi, kisha nimwache aende nyumbani. Nikamuuliza kama anawauzia chakula. Akasema ndiyo. Kila siku? Kila siku, na Jumapili anapeleka mapema kabla ya ibada. Nikasema kwa hiyo anapoomba wabaki, anaomba pia biashara ibaki. Akaniambia biashara anayo tangu kabla sijazaliwa, na nisimfanye mtu wa tamaa mbele ya watu.

Hapo ningeketi. Wakili hufunzwa asimuulize shahidi swali ambalo hajui jibu lake, lakini mimi nilidhani hili nalijua. Lilikuwa swali la kujazia tu, la kunivusha hadi lile lingine.

"Chakula chote unachopeleka kambini kinaliwa na wanajeshi, sivyo?"

Mama aliiangalia Biblia iliyokuwa bado mbele yake, akaisogeza kidogo kwa kidole, akairudisha.

"Si chote," akasema.

"Sijaelewa."

"Kuna chupa moja ya maziwa. Hiyo haitiwi majani ya chai."

Nilielewa kabla ya mtu mwingine yeyote mle ndani, isipokuwa mmoja. Murunga ni Msabato wa kufa mtu. Hagusi chai. Akija kwetu Mama humchemshia maziwa yake kando, akinung'unika kwamba dini za watu zinamwongezea sufuria za kuosha. Cheptiret nzima simjui mwingine anayebebewa maziwa kwenye chupa yake peke yake.

"Ni ya nani, Mum?" Neno hilo lilinitoka tu.

"Ni ya Murunga."

Okumu aliruka juu kupinga, na jaji akamwambia aketi. Kisha akamwinamia Mama na kumuuliza mwenyewe, kwa ile sauti yake ndogo, kama amemwona mtu huyo kwa macho yake.

"Namwona kila siku, Mheshimiwa. Wanamkalisha kwa kontena, hapo nyuma ya jikoni yao. Wamemuumiza mguu. Lakini anakula."

"Kiapo chako hakikusema hivyo."

"Hakuna mtu aliniuliza." Mama alinyoosha kidole kwa Okumu. "Huyu bwana alikuja akaniuliza kama nalala. Nikamwambia nalala. Yeye akaandika."

Nyuma yangu benchi lililia. Kavetsa alikuwa amesimama. Nilitegemea alie, au acheke, au aseme asante Mungu, kwa sababu ndiyo kwanza amejua kwamba mumewe yu hai. Alimtazama Mama tu.

"Mama Ciru," akasema, akimwita kwa jina langu kama kawaida yake. "Tangu lini?"

Askari wa korti akaja kumketisha. Jaji akainua mkono, askari akaacha.

"Tangu ile wiki ya kwanza," Mama akajibu.

Kavetsa aliendelea kusimama. Nadhani hakujua tena namna ya kuketi. Mimi nilikuwa bado nimeshika karatasi yangu ya maswali, na sikuweza kusoma hata moja.

"Mama," jaji akasema baada ya kuandika kwa muda, "sasa unataka korti ifanye nini?"

"Wamwachilie Murunga. Hana makosa. Lakini wao wabaki, Mheshimiwa, nakuomba. Huko kwetu hukujui."

"Na wakikataa kumwachilia?"

"Muwaambie."

"Na kama aliyewatuma anasema yeye haambiwi na mtu? Ndiyo kesi yenyewe hiyo, Mama. Ndiyo tunayoisikiza hapa."

Mama alifikiri. Ninaujua uso wake akifikiri kwa dhati, mdomo hujikunja upande mmoja. Hakukuwa na ujanja wowote pale. Alikuwa akitafuta jibu kweli kweli, kwa ajili ya Murunga na kwa ajili yake mwenyewe, na wote tulingoja.

"Basi hapo sijui, Mheshimiwa," akasema.

Jaji hakumkemea. Alitoa amri palepale. Murunga aletwe mbele yake alasiri hiyo, na Okumu ampigie Meja simu kabla hajatoka mlangoni. Kutumwa kwa jeshi Cheptiret kunasimamishwa mpaka Bunge la Taifa likae na kukubali, na kambi ivunjwe kufikia kesho. Ghasia haziwi janga kwa sababu serikali imependa kuziita hivyo, akasema, na Katiba haikuandikwa kwa ajili ya siku za utulivu peke yake. Thuo alinishika bega kwa furaha. Nilimwangalia Mama. Aliposikia neno kesho alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, na hakuuachia hadi karani alipomwambia ashuke.

Tulingoja kwenye veranda. Pale kulikuwa na mabenchi mengi, lakini Mama na Kavetsa walijikuta kwenye moja, kwa mazoea tu nadhani, kila mmoja mwisho wake. Okumu alikuwa akitembea huku na huko na simu sikioni. Alikuwa hatabasamu tena. Simu ya Meja ilikuwa imezimwa. Nilianza kuogopa jambo ambalo sikulisema: kwamba tumewaambia alipo mbele ya dunia nzima, na kwamba toka Cheptiret hadi mjini kuna barabara ndefu na mashamba ya mahindi pande zote.

"Nilikuwa nakuona ukipita na hiyo chupa," Kavetsa akasema. Alikuwa akitazama mbele. "Siku ingine ulikuwa umebeba vitu mingi, nikakusaidia kufunga kifuniko."

"Nilikuwa nakuuliza kila asubuhi. Mama Ciru, umesikia kitu? Ukaniambia nisubiri."

"Ningekuambia ungekimbia kwa hiyo geti yao ukipiga nduru," Mama akasema. "Meja aliniambia nikisema kwa mtu yeyote watamhamisha, hata mimi nisimwone tena. Pale alikuwa anakula, Mama Rosebella. Nilikuwa nahakikisha anakula."

"Na wewe ulikuwa unalala."

Hakulisema kwa hasira. Nilitaka kumtetea Mama, na nilitaka kumtikisa, vyote pamoja. Alichosema kuhusu Meja kilikuwa kweli, Murunga angehamishwa. Lakini kulikuwa na kweli nyingine pembeni ya hiyo, na Mama alikuwa ameishi nayo kila asubuhi akichemsha yale maziwa: angesema, kambi ingeondoka, na begi lingeshuka tena kutoka juu ya kabati. Alikuwa ameyapanga mambo ili asimpoteze Murunga wala wanajeshi. Kavetsa ndiye aliyekuwa akilipia mpango huo. Na mimi, mwanawe, niliyapita maziwa hayo jikoni nikiwa nimenuna nikapiga kelele kuhusu Katiba.

Ilikuwa imepita saa tisa gari la polisi lilipoingia uani. Wanajeshi walikuwa wamemkabidhi kwa polisi njiani, bila hata karatasi. Alishuka polepole, akishikilia mlango wa gari, mguu mmoja hautaki kukanyaga. Alikuwa amekonda, amevaa fulana isiyo yake. Kavetsa alifika kwake kabla ya yeyote. Hakumkumbatia, aliweka mkono wake chini ya kwapa lake, kama unavyomsaidia mgonjwa, na wakapanda ngazi za veranda hivyo, kidato kwa kidato.

Alipomwona Mama alisimama. Alimtolea mkono wa kulia akiushikilia kwa wa kushoto, kwa heshima, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Mama," akasema, "Mungu akubariki. Wewe ndiye uliniweka hai."

Mama aliupokea mkono. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa na mtu anayemsifu mbele ya watu na alikuwa anatafuta pa kuelekeza macho.

Murunga akamgeukia mkewe. Alikuwa na ile furaha ya mtu aliyekaa peke yake muda mrefu na sasa maneno yote yanataka kutoka pamoja.

"Si ulikuwa unapata salamu zangu? Nilikuwa nikituma kila siku na Mama. Unajua hiyo kontena iko karibu na ukuta, nilikuwa nakusikia asubuhi ukiita wateja. Nikamwambia Mama, mwambie Kavetsa namsikia. Mwambie asiwache kuita. Alikuambia?"

Mama alikuwa bado amesimama karibu yao, mkono umebaki hewani. Niliona rangi yake ikibadilika. Okumu aliacha kutembea. Sijui kama alielewa, lakini aliacha.

Kavetsa hakumtazama Mama hata kidogo. Alimpangusa mumewe kitu shavuni, vumbi au kitu kingine.

"Aliniambia," akasema.

"Nilijua tu. Kuna siku ulikuwa unaita kwa nguvu, nikasema, ah, huyu amepata salamu."

"Ndiyo," Kavetsa akasema. "Ndiyo maana nilikuwa naita hivyo."

Karani akatokea mlangoni akatuita, jaji alikuwa ameshaketi. Kavetsa akamwongoza Murunga ndani, wakampita Mama karibu sana, kanga ya Kavetsa ikamgusa. Mama akaketi kwenye benchi. Nikamshika mkono nimwinue, nikamwambia tuingie. Akautoa mkono wake kwenye wangu taratibu.

"Ingia wewe," akasema. "Mtu wako anakungoja."